Skripti Iliyopiga Hodi

Pale idarani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mbele yake alikuwa Mzee, akishapita tu koridoni alikuwa Bwana Hodi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, kitambi cha kukaa, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na miezi kumi na moja tu ya kumaliza kabla ya kustaafu. Alijiona bora kuliko wote. Na tuseme ukweli, jamani, alikuwa bora. Ubaya ni kwamba alihakikisha kila mtu amekumbushwa hilo kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yake ilikuwa moja. Mji ule mzima ulikunywa maji yaliyotiwa dawa, na kiasi cha dawa kilipigiwa hesabu na programu aliyoiandika yeye na mwenzake mmoja ambaye alishafariki. Faili mia tatu na kumi na mbili, zote zikiishi ndani ya seva moja, kompyuta kuu ya mfumo wa Unix, kubwa, nyeusi, inayonguruma mchana kutwa, ambayo wafanyakazi waliiita Jokofu. Mitambo ya maji ikibadilishwa kidogo, Bwana Hodi alirekebisha faili mbili tatu, kisha akaijenga programu upya. Na ili kuijenga unahitaji kompaila, yaani ile programu nyingine inayochukua maandishi ya binadamu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukifanya. Bila kompaila, faili zako ni makaratasi tu.

Sasa, kompaila haikai mahali pamoja kwenye kila mashine. Kwa hiyo alikuwa na skripti, maagizo mafupi ya kupitia folda moja baada ya nyingine na kuitafuta. Skripti za watu wengine huandika kikavu: imepatikana, haikupatikana. Yake ilipiga hodi. Kila folda iliyoifikia ilichapa kwenye skrini "Hodi" pamoja na jina la folda, na pasipokuwa na kitu ilichapa "Hakuna mtu." Ikikuta faili yenye jina la kompaila, ilichapa "Karibu," na kazi ikaanza. Wageni walioiona walicheka, wakamsifu kwa ucheshi wake. Hawakujua mzaha ule ulikuwa wa kumcheka nani.

Ulikuwa wa kumcheka shemeji yake, mdogo wa mkewe.

Miaka kumi na minne nyuma, mkewe alimwomba amtafutie mdogo wake kazi. Kijana alikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti kizuri na shati moja la maana. Bwana Hodi alimpeleka idarani, akampatia meza, akamfundisha, hilo hatulikatai. Lakini alimfundisha kama anayemkomoa. Chumba cha seva kilikuwa na mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani. Shemeji akifika na karatasi zake akasema hodi, jibu kutoka ndani lilikuwa, "Hakuna mtu." Hodi tena. Hakuna mtu. Wafanyakazi walitoka maofisini kuja kujionea. Siku moja kijana alisimama pale dakika arobaini, anacheka kile kicheko cha mtu asiyejua auweke wapi uso wake. Jioni ile ile Bwana Hodi aliifungua skripti yake, akautia mzaha ule ndani, ili kila programu ikijengwa watu wakumbuke.

"Ni utani," alikuwa akisema. "Shemeji hataniwi? Akiona haya aende akauze vocha."

Mwezi wake wa pili kazini, kijana alikuwa ameisoma skripti ile mstari kwa mstari. Akanyoosha mkono kwenye kikao.

"Shemeji, naona hapa unaangalia jina la faili tu. Huijaribu kama inafanya kazi. Sasa anayeitikia karibu akiwa siye mwenye nyumba?"

Swali zuri hilo. Swali la fundi. Bwana Hodi alivua miwani, akaipangusa taratibu kwa ncha ya shati, akasubiri mpaka chumba kikatulia.

"Hayo ni mambo ya kwenu, shemeji," alisema. "Nyie ndio mmelelewa kwa kuitikia hodi kwenye nyumba zisizo zenu."

Watu wakaangua kicheko kwa kuwa Mzee mwenyewe amecheka. Kijana na dada yake walikuwa wamekulia kwa mjomba, wakilala stoo, baada ya wazazi wao kufa wakafuatana. Bwana Hodi alilijua hilo kwa sababu mkewe alimsimulia akilia, mwaka wa kwanza wa ndoa yao. Na jioni ile alirudi nyumbani akamweleza mkewe kichekesho chote, tena kwa kuigiza sauti ya mdogo wake. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja.

Kijana hakukaa sana. Aliomba masomo, akaenda, akasahauliwa. Akarudi baada ya miaka kumi na mbili akiwa na suti, kipara kinachoanza, na barua ya kuwa mkuu wa kitengo. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye meza ya Bwana Hodi, akainama kidogo. "Shikamoo, shemeji." Idara nzima ilishusha pumzi. Walisema, kumbe mtu wa watu huyu, hana kinyongo. Mkewe Bwana Hodi peke yake ndiye aliyemjua mdogo wake tangu akiwa anatambaa, na yeye hakusema hivyo.

Miezi sita baadaye mkuu aliita kikao. Jokofu linazimwa, alisema. Seva mpya imeshafika, iko chumba cha pili, kitu chembamba kama sinia. Programu ya dawa ya maji ihamie huko ndani ya siku kumi.

"Alhamisi ya wiki ijayo, saa nne kamili asubuhi, ijengwe humu ndani mbele ya sote," alisema. "Atakayeihamisha ndiye atakayeitunza. Mzee akiihamisha, anabaki nayo mpaka astaafu. Asipoihamisha, kazi yake hapa itakuwa imekwisha, na taratibu za nyumba mnazijua."

Walizijua. Nyumba za idara zilikuwa na sheria yake: anayestaafu akiwa kazini anaachiwa nyumba maisha yake yote, anayeondolewa kabla anakabidhi funguo ndani ya siku kumi na nne. Bwana Hodi na mkewe walikuwa wameishi namba saba miaka ishirini na tisa. Sakafu nyekundu ya saruji mkewe aliipiga nta kwa mikono yake. Watoto watatu walizaliwa wakiwa pale, wakakua, wakaondoka, na sasa walikuwa wanapiga simu kwa mama yao tu.

"Siku kumi?" Bwana Hodi alisema. "Mbili zinanitosha. Nane zilizobaki nitalala."

Watu walicheka, na shemeji naye alicheka.

Siku ya kwanza alihamisha faili zake zote kwenye mashine mpya, akaiamuru skripti. Hodi /bin. Hakuna mtu. Hodi /usr/bin. Hakuna mtu. Folda tisa, mara tisa, hakuna mtu. Akaguna. Akaongeza folda sita alizozikumbuka kichwani. Hakuna mtu. Akaichukua kompaila ya Jokofu yenyewe, akainakili ilivyo na kuileta huku. Mashine mpya ikaikataa kata kata, maana kila mashine ina lugha yake ya ndani na ile ya Jokofu hapa haikueleweka. Siku ya pili akaamuru mashine ipekuliwe yote, folda kwa folda. Ikapekua nusu, na nusu nyingine ikamjibu kwa mstari mmoja huo huo, ukurasa baada ya ukurasa: ruhusa imekataliwa. Aliyekuwa na ruhusa ya kuingia kila mahali ni msimamizi wa mashine, na msimamizi wa mashine alikuwa shemeji.

Siku ya nne alimpigia simu aliyeuza mashine.

"Kompaila ipo, mzee wangu," yule alisema. "Tumeshaiweka. Ila siku hizi tunaiweka pembeni, ina folda yake, na jina lake siyo lile la zamani. Muulize msimamizi wenu, ni kazi ya dakika moja."

Bwana Hodi alikata simu akatangaza koridoni kwamba yule muuzaji ni mjinga, hajui hata anachouza.

Kila asubuhi shemeji alikuwa anapita mlangoni kwake, kikombe mkononi.

"Shikamoo, shemeji. Vipi, mwenyewe ameonekana?"

"Marahaba. Ataonekana."

"Ukikwama mimi nipo. Niulize tu."

"Nikwame mimi? Pole, endelea na chai yako."

Neno moja tu, jamani! Kompaila iko wapi. Maneno matatu, haya. Mtu mwingine angeshauliza, akapewa, akarudi kunywa uji wake. Lakini Bwana Hodi akifikiria kusimama mbele ya meza ile na kumwuliza mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kuwasha kompyuta, mkono ulianza kutafuta kitu cha kupiga. Alikuwa tayari kulala njaa kuliko kuuliza. Basi akaongeza folda, zikafika ishirini na saba, na skripti ikashinda inapiga hodi kutwa kucha kwenye nyumba tupu, na wafanyakazi wakawa wanapita dirishani wakinong'ona, "Hakuna mtu," halafu wanakimbia wakijizuia kucheka.

Jumapili alikuwa nyumbani, hajanyoa, anatembeatembea sebuleni. Mkewe aliweka chakula mezani, akasimama badala ya kuondoka kama alivyozoea.

"Mdogo wangu amepiga simu."

"Anataka nini huyo?"

"Amesema umuulize tu. Ukimuuliza anakwambia hapo hapo. Amesema hivyo, na mimi namwamini."

"Wewe unamwamini." Bwana Hodi alivuta kiti. "Kwa hiyo mmekaa mnanijadili. Mke wangu na shemeji yangu, mnanipangia. Nimpigie magoti?"

"Hakuna magoti. Ni swali, baba watoto. Watu wanaulizana kila siku."

"Nimuulize mimi? Mimi nilimtoa kwenye vumbi yule! Nisingekuwa mimi angekuwa anasukuma mkokoteni!"

Mkewe alikuwa hapandishi sauti, hata siku hiyo hakupandisha. Alishika ukingo wa meza. "Ni nyumba ninayoisema. Zimebaki siku nne. Tukitolewa hapa tutalala wapi?"

"Wewe una wasiwasi gani?" alisema Bwana Hodi. "Si ulishazoea stoo."

Lilimtoka hivyo hivyo, na alipolisikia likiwa limeshatoka alitamani kulirudisha. Alitamani kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha akaona akilirudisha ataonekana amelegea, akavuta sahani, akaanza kula. Mkewe alimtazama akila tonge la kwanza na la pili. Halafu akaenda chumbani, akafunga mlango, na tangu siku ile akawa anamwekea chakula na kuondoka bila kusema hata karibu chakula. Bwana Hodi aliona ni hasira za kawaida, zitapoa.

Alhamisi aliingia kazini saa mbili. Hakuwa na folda mpya ya kuongeza. Alikuwa amekwisha, lakini alikuwa hajajiambia hivyo. Saa nne kasoro robo aliiamuru skripti itafute tu, isijenge, kwa mazoea, kama mtu anayerudia kupapasa mfuko aliokwisha kuupapasa. Hodi. Hakuna mtu. Hodi. Hakuna mtu. Alikuwa ameshageuka kutazama nje. Folda ya ishirini na sita ilikuwa /usr/ucb, folda ya kizamani sana, mafundi wa rika lake tu ndio wanaoikumbuka. Jana yake ilikuwa tupu. Juzi yake ilikuwa tupu. Aliporudisha macho kwenye skrini, palikuwa pameandikwa "Karibu."

Aliruka kwenye kiti. Wallahi aliruka, na umri ule!

Mtu mwingine angejiuliza: nyumba iliyokuwa tupu jana, leo imepata mtu vipi? Bwana Hodi alijiuliza, tusimsingizie, na jibu alilojipa ndilo lililommaliza. Alijiambia shemeji ameogopa. Ameona saa nne inakaribia, ameona Mzee hatetereki, akaingiwa na woga wa kumtoa dada yake kwenye nyumba, akaja asubuhi na mapema kuiweka kompaila mahali ambapo Mzee ataikuta. Amesalimu amri. Kujenga programu yote kulichukua muda, na ilikuwa imebaki robo saa. Hakuijaribu. Kwa nini aijaribu? Kwa miaka yote ile kwenye Jokofu, Karibu ilikuwa ni Karibu.

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu kumi na mmoja. Skrini ilikuwa imerushwa ukutani, kubwa, hata aliyekaa nyuma kabisa aliweza kusoma. Shemeji alikaa mwisho wa meza, mikono ameifumbata.

"Kuna watu humu," Bwana Hodi alianza, "walidhani nitakuja kuwalilia. Wengine wakatumia mpaka wanawake kunitumia salamu." Alimtazama shemeji waziwazi. "Mtu akikufundisha kutembea, usimwekee mguu umkwaze. Utaanguka mwenyewe. Haya, fungueni macho."

Akabonyeza.

Hodi, hakuna mtu. Hodi, hakuna mtu. Watu wakaanza kuitikia pamoja na skripti, kwa sauti, wakipiga meza, mara ishirini na tano, "Hakuna mtu!" na Bwana Hodi akawa anawaongoza kwa kidole kama mwalimu wa kwaya. Ilipofika folda ya ishirini na sita ukuta ukaandika "Karibu," chumba kikalipuka kwa makofi. Akainama, akapokea makofi yake.

Kisha mstari wa kwanza ukatokea ukutani.

"Faili ya 1: Mwenye nyumba hayupo. Ungemuuliza shemeji."

Ikapita sekunde moja.

"Faili ya 2: Mwenye nyumba hayupo. Ungemuuliza shemeji."

Ile haikuwa kompaila. Ilikuwa faili ya mistari mitatu ambayo shemeji aliiandika asubuhi ile, akaipa jina la kompaila, akaiweka kwenye folda ambayo alijua Mzee hawezi kuisahau, kwa kuwa Mzee ndiye aliyemfundisha kwamba ipo. Kazi yake ilikuwa kuandika maneno yale, kusubiri sekunde moja, na kuondoka. Na skripti ya Bwana Hodi haikuwa na mahali pa kusimama kama mambo yameharibika. Haikuwahi kuandikiwa. Ilichukua faili ya tatu, ya nne, ya tano, inaenda tu.

Kwanza walicheka kwa mshangao, wakidhani ni sehemu ya utani wa Mzee. Wakamtazama, wakaona uso wake, ndipo wakacheka kwelikweli. Dereva alishuka chini ya meza. Karani wa masijala, mama mzima, alijifuta machozi kwa leso. Ilipofika faili ya thelathini Bwana Hodi alinyoosha mkono kwenye kibodi, na akawa anabonyeza vitufe visivyo vyenyewe.

"Iache, shemeji," alisema mkuu, kwa upole. "Tumsikilize mpaka mwisho."

Sekunde mia tatu na kumi na mbili. Ni zaidi ya dakika tano. Jaribu wewe kusimama mbele ya watu dakika tano. Kicheko chenyewe kilichoka njiani. Kufikia faili ya mia na hamsini waliokuwa wanacheka walikuwa wanne, ya mia mbili alikuwa mmoja, na baada ya hapo watu walitazama viatu vyao, na karani akasema chinichini, "Basi inatosha, jamani." Haikutosha. Mistari iliendelea kupanda ukutani, na Bwana Hodi amesimama pembeni yake, mwanga wa maandishi unampita shavuni. Mwisho kabisa skripti ikaandika yale iliyoyaandika kila mara, iwe imejenga au haikujenga: "Programu iko tayari. Hongera, Mzee."

Shemeji akainuka, akavuta kibodi. Aliandika mstari mmoja juu ya skripti, mstari mfupi, unaoitaja folda ya kompaila na jina lake jipya. Akabonyeza. Ukuta ukajaa mistari ya kazi halisi. Ilichukua dakika sita. Programu ikajengeka, ikapewa vipimo vya maji ya jana, ikatoa kiasi kile kile cha dawa kilichotolewa na Jokofu, mpaka tarakimu ya mwisho.

"Niliwahi kukuuliza swali humu humu," mkuu alisema. Hakuwa anacheka. "Nilikuuliza, anayeitikia akiwa siye mwenye nyumba, itakuwaje? Basi ndiyo inakuwa hivi."

Barua ilimfikia kabla ya chakula cha mchana. Siku kumi na nne.

Siku hizo alizipitisha akiwa kama amepigwa na kitu kizito. Nyumba namba saba iligawiwa mkuu wa kitengo, ambaye hakuwa na nyumba ya idara, na habari hiyo Bwana Hodi aliipata kwenye ubao wa matangazo kama watu wengine. Alipoisoma alijiambia, hapo sasa kuna nafuu. Shemeji hawezi kumtoa dada yake. Dada akibaki, mume wa dada atatupwa wapi? Alihesabu vyumba kichwani: vitatu, na kile cha nyuma hakina kazi. Itabidi aulize tu. Safari hii aliamua atauliza. Usiku alilala akipanga maneno, akiyapunguza, akiyarudia kwa sauti ya chini, na mkewe aliyelala chumba kingine hakuyasikia.

Jumanne, siku ya kumi na mbili, shemeji alikuja mchana na gari kupima madirisha. Mkewe alimwekea maji ya kunywa. Walikaa sebuleni watatu. Bwana Hodi alikuwa amenyoa, amevaa shati la kupigwa pasi, ambalo alilipiga mwenyewe, vibaya.

"Shemeji," alisema, "nina jambo la kukuuliza."

Tangu wajuane, hakuwahi kumwambia hivyo. Shemeji aliiweka bilauri chini.

"Naomba nikae chumba cha nyuma. Mwaka mmoja. Sitakusumbua, hata jikoni sitaingia. Nikipata pengine nitaondoka." Alivua miwani, akaishika mkononi. "Nakosa pa kwenda, shemeji. Nimekukosea, najua. Naomba."

Ule ukali wote wa shemeji ulikuwa umeisha siku ile ya kikao, na sasa alionekana mtu aliyechoka tu.

"Mimi sina neno," alisema. "Mimi nilishakubali zamani. Siku ile ile ya barua nilimwambia dada, mwambie shemeji asihangaike, chumba kipo."

"Sasa?"

"Dada ndiye amekataa."

Bwana Hodi alicheka. Alijua huu ni utani wa mashemeji, na akashukuru kwamba utani umerudi. Akamgeukia mkewe ili wacheke pamoja. Mkewe alikuwa amekaa wima kwenye ncha ya kiti, mikono mapajani.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe? Mama watoto?"

"Nakuogopa. Miaka ishirini na tisa nakuogopa, hata ukikohoa nashtuka. Nataka niishi humu bila kumwogopa mtu. Mabegi yako nimeshayafunga, mawili. Dawa zako za presha ziko kwenye mfuko wa mbele."

"Yaani utakaa hapa, wewe uliyezoea…"

"Malizia," mkewe alisema. Sauti ilikuwa ile ile, haikupanda. "Lile neno la Jumapili ile. Lirudie, na mdogo wangu alisikie."

Hakumalizia. Alimtazama shemeji, akitafuta kwake huruma, na shemeji akatazama sakafu. Hakuna aliyekuwa na raha chumbani mle, hata aliyeshinda. Mkewe aliinuka, akayaleta mabegi, akayasimamisha pembeni ya kiti. Alikuwa amemkunjia na sweta juu yake, kwa kuwa asubuhi kulikuwa na baridi.

"Twende nikusogeze, shemeji," alisema mkuu. Alibeba mabegi yote mawili mwenyewe mpaka kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akamsaidia kufunga mkanda. Akawasha gari. "Nikupeleke wapi?"

Bwana Hodi alimtaja kaka yake, kisha akasema hapana, hawajaongea na kaka yake tangu msiba wa baba yao. Akamtaja yule mwenzake waliyeandika naye programu, akakumbuka kwamba alishakufa. Akasema labda kwa mtoto wake wa kwanza, akatoa simu, akatafuta namba kwa muda mrefu, na namba ile hakuwa nayo. Shemeji alisubiri, mkono kwenye gia, na gari likiwa linaunguruma pale pale mbele ya namba saba.